DRAIVU ZA ZAMANI: TUZITUPE AU TUZIWEKE?



Muhula uliopita, siku ya Jumamosi baada ya usafi wa mabweni, wanafunzi sita wa Kidato cha Nne tuliitwa na Mwalimu wetu wa Kompyuta, tukapewa kazi ya kusafisha stoo iliyo nyuma ya chumba cha kompyuta. Agizo lilikuwa fupi: kilicho kizima kipangwe rafuni, kilichokufa kitolewe nje. Tuliingia na mafagio na matambara, tukidhani kazi itakwisha kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Haikwisha siku ile, na hata leo haijakwisha. Sababu yake ndiyo niliyokusudia kuieleza hapa.

Mle ndani tulikuta kompyuta nane za zamani, zenye mlango wa CD kwa mbele, na mbili kati yake zilikuwa pia na tundu jembamba ambalo hatukujua ni la nini. Tulikuta CD kama 40 zilizofungwa kwa mpira. Tena tulikuta boksi la viatu limejaa vidude vya plastiki vya mraba, ambavyo wengi wetu hatukupata kuviona ila kama kile kipicha tunachokibonyeza tunapotaka kuhifadhi kazi. Tulivihesabu, vikawa 31. Mwalimu alitufahamisha kwamba hizo ndizo flopi, na lile tundu jembamba ndilo draivu yake, yaani kifaa kinachoisoma diski na kuiandika.

Mwenzetu mmoja akacheka, akasema, "Haya yote ni takataka. Flashi moja ya mfukoni ina nafasi kuliko boksi zima." Alisema kweli. Flopi moja ya namna ile huchukua megabaiti 1.44 tu, na zote 31 zikijumlishwa hazifiki megabaiti 45. Flashi ya gigabaiti 8, ambayo siku hizi huhesabiwa kuwa ndogo, ingeweza kumeza maboksi kama lile zaidi ya 100. Basi tulilichukua boksi pamoja na zile CD, tukaviweka karibu na shimo la taka, vingoje kuchomwa siku ya Jumatatu jioni.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mwanafunzi wa zamu. Akaja mama mmoja, amevaa kitenge, ana mfuko mdogo mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mimi nilisoma hapa zamani. Namtafuta karani." Nikampeleka ofisini. Habari yake ilikuwa hii: alimaliza Kidato cha Nne katika shule hii mwaka 2000. Nyumba yake iliwaka moto na vyeti vyake vikaungua vyote. Alitaka kuanza kuvifuatilia, lakini hakuikumbuka namba yake ya mtihani. Alitumaini shule ingekuwa nayo.

Karani alifungua kabati la madaftari ya zamani. Daftari la mwaka ule lilikuwapo, lakini mchwa walikuwa wamelila kutoka pembeni hata katikati, na kurasa zilizosalia zilishikana kama mkate ulioloana. Yule mama alilitazama asiseme neno. Ndipo mzee wetu mmoja, mtumishi wa siku nyingi hapa shuleni, aliposema kwamba miaka ile orodha za watahiniwa zilipigwa katika kompyuta ya kwanza ya ofisi, na karani wa wakati ule alikuwa akizitunza katika "vidiski". Sikungoja kutumwa. Nilikimbia hadi shimo la taka, nikalirudisha lile boksi.

Juu ya kila flopi palikuwa na karatasi yenye maandishi ya kalamu. Moja iliandikwa: "Kidato IV 2000." Lakini diski peke yake ni kama kufuli lisilo na ufunguo. Kompyuta mbili zenye tundu la flopi hazikuwaka hata moja, na zile tunazojifunzia darasani hazina tundu hilo. Mwalimu alichukua namba ya simu ya yule mama, akamwomba atupe siku chache.

Nitarudi kueleza tulichokipata. Kwanza yafaa tuvijue vyombo vyenyewe, maana si haki kukihukumu kitu tusichokifahamu.

NJIA TATU ZA KUTUNZA

Kompyuta hutunza kila jambo kwa alama mbili tu, ambazo sisi huziandika 0 na 1. Kila chombo cha kuhifadhia kina namna yake ya kuzitia alama hizo. Ziko njia tatu zilizo maarufu: sumaku, nuru, na umeme.

Njia ya sumaku ndiyo kongwe kuliko hizo nyingine mbili. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza yenye diski ngumu. Ilikuwa na sahani 50 za chuma, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na uzito wake ulikuwa karibu tani moja. Pamoja na ukubwa huo ilitunza herufi milioni 5 tu, ambazo leo hazitoshi hata wimbo mmoja mzuri katika simu. Diski ngumu za siku hizi hufuata kanuni ile ile. Sahani iliyopakwa madini ya sumaku huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa kidogo kinachosoma na kuandika. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni ndogo mno kuliko unene wa unywele. Ndiyo sababu diski ngumu ikianguka au kutikiswa wakati inazunguka, yaweza kukwaruzika na kufa.

Flopi nayo ni ya sumaku, ila sahani yake si ya chuma. Ni utando laini wa plastiki uliopakwa madini ya sumaku, na jina lake latokana na ulegevu huo. IBM ilianza kuziuza mwaka 1971, zikiwa na upana wa inchi 8. Baadaye zikaja za inchi 5 na robo, kisha kampuni ya Sony ya Japani ikatoa za inchi 3 na nusu, zenye ganda gumu, na hizo ndizo zilizokuwa katika boksi letu. Flopi ilipendwa kwa kuwa ilikuwa rahisi na mtu aliweza kuitia katika mfuko wa shati.

Njia ya pili ni ya nuru. Kampuni za Sony na Philips zilitoa CD kwa wanunuzi mwaka 1982, kwanza kwa ajili ya muziki. Ni sahani ya sentimeta 12, yenye vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwali wa leza huipiga sahani, na namna unavyorudi ndivyo mashine inavyojua kama ni 0 au 1. CD huchukua kiasi cha megabaiti 700, na DVD, iliyofuata katika miaka ya 1990, huchukua gigabaiti 4.7. Kwa kuwa leza haiigusi sahani, kuisoma hakuichakazi.

Njia ya tatu ni ya umeme, nayo ndiyo ya flashi, ya kadi za simu, na ya zile diski mpya zisizozunguka, ambazo mafundi huziita SSD. Msingi wake uliwekwa na Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba ya Japani, katika miaka ya 1980. Ndani yake hamna sahani wala kichwa. Zimo chembe nyingi sana ambazo hushika umeme kidogo na kuushikilia hata kompyuta ikizimwa.

KWA NINI ZA ZAMANI ZILIONDOLEWA

Mtu asidhani kwamba draivu za zamani ziliachwa kwa kupenda mambo mapya tu. Zilikuwa na sababu nzuri za kuachwa. Mwaka 1998 kampuni ya Apple ilipotoa kompyuta yake iitwayo iMac bila draivu ya flopi, watu wengi walinung'unika. Lakini baada ya miaka michache wengine nao wakafuata. Flopi ilikuwa ndogo, nzito kusoma, na rahisi kuharibika. Sony yenyewe, iliyoitengeneza ile ya inchi 3 na nusu, iliacha kuziuza mwaka 2011. Mlango wa CD nao ulianza kutoweka katika kompyuta za mkononi, kwa sababu huchukua nafasi na kuongeza uzito, na kwa sababu programu na filamu siku hizi hupatikana kwa flashi au kwa intaneti.

Nami nimeona kwa macho yangu faida ya kitu kipya. Mwalimu alipata SSD moja ndogo, akaitia katika kompyuta mojawapo ya zile nane za stoo badala ya diski ngumu yake. Kabla ya hapo nilikuwa nimeitega kwa saa ya ukutani: tangu kuwashwa hata kuwa tayari kwa kazi ilichukua dakika nne. Baada ya kubadilishwa haikufika nusu dakika. Kompyuta ambayo Jumamosi tuliihesabu kuwa maiti sasa inatumiwa na wadogo zetu wa Kidato cha Pili. Tena wakati umeme unapokatika ghafla, kama ujuavyo unavyofanya, hapana sahani inayozunguka wala kichwa kinachoelea ndani yake.

Kwa hiyo katika jambo la kuendeshea kompyuta kila siku, sina ubishi: diski ngumu ya zamani imeshindwa, na fedha kidogo ya kununua SSD huongeza maisha ya kompyuta kukuu kuliko dawa nyingine yoyote.

LAKINI KUZEEKA SI KUFA

Hata hivyo, kuna kazi ambazo chombo cha zamani bado hukifaa kijana wake. Diski ngumu, kwa mfano, kwa bei ile ile hukupa nafasi kubwa zaidi kuliko SSD. Kwa sababu hiyo majumba makubwa yanayotunza habari za intaneti bado yana diski ngumu nyingi sana. Tena SSD ina udhaifu wake: ikifungiwa kabatini muda mrefu bila umeme, chembe zake zaweza kupoteza polepole kile zilichoshikilia. Diski ngumu inapokaribia kufa, mara nyingi hulalamika kwanza kwa mlio wa kugongagonga. SSD nyingi hufa kimya, kama taa inavyoungua.

Hata tepu, ambayo ni kongwe kuliko diski ngumu, haijastaafu. Mwaka 2011 kosa la programu lilifuta barua za baadhi ya watu wanaotumia Gmail. Nakala zilizokuwa katika diski ziliguswa na kosa hilo pia, lakini zile zilizokuwa katika tepu zilisalimika, maana tepu hukaa mbali, haikuunganishwa. Kampuni ya Google ilizirudisha barua kutoka katika tepu hizo.

Flopi nazo zimeishi zaidi ya watu wanavyodhani. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa likitumia flopi za inchi 8 katika mtambo wa kupelekea amri za silaha za nyuklia mpaka mwaka 2019. Mwaka 2020 wataalamu walionyesha hadharani kwamba ndege za aina ya Boeing 747-400 zilikuwa zikipokea habari mpya za njia za angani kwa flopi, kila baada ya siku 28. Na Japani, nchi tunayoisifu kwa ufundi, ilikuwa na kanuni zaidi ya 1,000 zilizowataka watu wapeleke habari serikalini kwa flopi na vyombo vya namna hiyo. Hazikufutwa ila kufikia mwaka 2024.

Lakini mfano ulionigusa zaidi ni wa Uingereza, kwa kuwa unahusu wanafunzi kama sisi. Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William, uliandikwa mkusanyo wa habari za ardhi na mali za nchi ile, uitwao Domesday. Ulipotimiza miaka 900, yaani mwaka 1986, shirika la utangazaji la BBC lilitengeneza Domesday mpya. Maelfu ya wanafunzi wa shule waliandika habari za vijiji vyao, wakapiga picha, na yote yakatiwa katika sahani mbili kubwa za kusomwa kwa nuru. Sahani hizo zilihitaji mashine ya pekee. Haikupita miaka 20, mashine zile zikawa adimu, nayo kazi ya watoto wale ikawa hatarini kupotea sahani zikiwa bado nzima. Mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walifaulu kuonyesha namna ya kuisoma kwa kompyuta mpya. Wakati wote huo kile kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kiliendelea kusomeka kwa macho matupu.

Hapo ndipo nilipolifahamu jambo moja. Thamani ya draivu ya zamani haimo katika wepesi wake, wala katika ukubwa wa nafasi. Imo katika kile ambacho hakuna chombo kingine kiwezacho kukifungua. Kama hakuna kitu cha namna hiyo, draivu ni bati tu. Kama kipo, draivu moja mbovumbovu ina thamani kupita kompyuta mpya 20.

TULICHOKIPATA

Alhamisi Mwalimu alirudi kutoka mjini na draivu ndogo ya flopi ya kuchomeka kwa waya wa USB, aliyoazimwa na fundi mmoja. Ilikuwa bapa, nyembamba kama daftari. Kabla ya kuitumia alitufundisha mambo mawili. La kwanza, kila flopi ina kidirisha chenye kilango cha kusogeza. Kikiachwa wazi, kompyuta yaweza kusoma lakini haiwezi kuandika wala kufuta. Tukavifungua vyote. La pili, flopi yenye ukungu isitiwe hivyo hivyo, kwa maana uchafu wake hushika kwenye kichwa cha draivu na kuziharibu zitakazofuata. Tulivuta kile kifuniko kidogo cha bati, tukazichungulia moja moja kwenye mwanga wa dirisha, na zenye madoa meupe tukazitenga.

Flopi ya mwaka 2000 ilikuwa safi. Mwalimu aliitia. Draivu ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Kisha majina ya mafaili yakatokea. Faili la orodha lilikuwa la programu ya kuandikia ya miaka ile, lakini programu tuliyonayo ililifungua. Mistari ilikuwa imepinda kidogo, herufi zote zilisomeka. Jina la yule mama lilikuwa la 47, na mbele yake namba ya mtihani. Mwalimu alimpigia simu pale pale. Hatukusikia alivyojibu, ila tulimwona Mwalimu akitabasamu na kusema, "Asante mama, washukuru watoto."

Jioni hiyo na Jumamosi iliyofuata tulizijaribu zote 31. Zilizofunguka kamili ni 19. Zilizofunguka nusu, mafaili mengine yakiwa yameharibika, ni 7. Ambazo hazikutoa kitu ni 5. Miongoni mwa hizo 5 imo ile iliyoandikwa "Kidato IV 1998", ambayo ukungu ulikuwa umeutafuna utando wake wote. Daftari la mwaka huo nalo limeliwa na mchwa. Waliomaliza hapa mwaka 1998 wapo, na huenda baadhi yao ni wazazi wenu ninyi mnaosoma ukurasa huu. Siku mmoja wao atakapokuja na haja kama ya yule mama, hatuna la kumwonyesha. Kama kazi hii ingefanywa miaka 10 iliyopita, pengine ingaliwahi.

Katika zile CD 40 tumefungua chache tu. Moja ina nyimbo za kwaya ya shule za mwaka 2006, nyingine ina picha za mahafali. Mwalimu wa Muziki aliposikia sauti zile alitaja majina ya waimbaji wawili ambao wamekwisha kufariki.

HUKUMU YANGU

Sasa nalirudia swali. Mwalimu alitudokeza kwamba kompyuta mpya zitakapopatikana, nyingi hazitakuja na mlango wa CD, na wala hapana hata moja itakayokuja na tundu la flopi. Je, tudai ziwe nazo?

Jibu langu ni la. Kumpa kila mwanafunzi draivu ambayo ataifungua mara moja kwa mwaka ni kupoteza fedha, na fedha hiyo ni afadhali inunue SSD. Lakini shule nzima kukaa bila draivu hata moja ni kosa kubwa zaidi. Draivu ya nje ya kuchomeka kwa USB, moja ya CD na DVD na moja ya flopi, zatosha kuihudumia shule yote, na hata ofisi za jirani. Kila kompyuta haihitaji kuwa nayo, ila kila shule yahitaji kuwa nayo.

Tena draivu yenyewe isichukuliwe kuwa ni mahali pa kupumzikia. Nayo huzeeka. Mpira unaosukuma sinia ya CD hukauka, leza hudhoofika, na vumbi halina huruma. Kazi ya draivu ya zamani ni kama ya mtumbwi wa kuvushia: hatukai ndani yake, twahamisha mizigo kutoka ng'ambo hii hadi ile, maadamu mtumbwi bado haujatoboka. Mizigo yote ikiisha kuvuka, hapo ndipo tuwezapo kuuacha bila majuto.

MASHAURI KWA WASOMAJI

Kwa kuwa jambo hili halihusu shule peke yake, nawaomba wazazi na ndugu waangalie makabati yao. Nyumba nyingi zina CD za arusi, za maziko, za ubarikio au za maulidi, na hazina tena mashine ya kuzichezea. Mambo yafuatayo yafaa kukumbukwa.

Kwanza, msitupe diski kabla ya kujua kilichomo. Karatasi ya juu yaweza kudanganya au kuwa imefutika.

Pili, CD ishikwe kwa ukingo wake. Watu huogopa kuukwaruza upande unaong'aa, lakini katika CD upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa sababu tabaka la kioo limo chini tu ya rangi ya juu. Msiandike kwa kalamu ya ncha kali, wala msiiache juani. CD zilizochomwa nyumbani zina rangi maalumu ndani yake inayofifia kwa jua na joto.

Tatu, kikiisha kusomwa, nakala isiwe moja. Sisi tumeweka nakala moja katika kompyuta ya ofisi na ya pili katika diski ngumu ya nje iliyofungiwa kwa Mkuu wa Shule. Orodha za majina tumezipiga chapa katika karatasi, zimewekwa ndani ya kabati la chuma ambalo mchwa hawalipandi. Msicheke karatasi; mkumbuke kitabu cha mwaka 1086.

Nne, orodha za majina na alama ni mali ya wenyewe. Hatukuruhusiwa kuzinakili katika flashi zetu, nasi tuliona ni haki. Kadhalika diski ya ofisi inayotupwa ikatwe kwanza kwa mkasi, isiokotwe na mtu asiyehusika.

Mwisho, nina neno kwa wadogo zangu wa Kidato cha Pili na cha Tatu. Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu karibuni, na baada ya hapo tutatawanyika. Flopi tumezimaliza, lakini CD zaidi ya 30 bado hazijafunguliwa. Mwalimu yuko tayari kuwafundisha, na draivu ya CD ya nje shule inayo sasa, katika droo ya kwanza ya meza yake. Kazi hii si nzito. Kila CD haizidi nusu saa. Ninawaomba Jumamosi zenu chache tu.

Yule mama alirudi wiki mbili baadaye kuchukua karatasi yake yenye muhuri wa shule. Kabla ya kuondoka aliomba aonyeshwe ile flopi. Aliigeuzageuza mkononi, akauliza, "Ndiyo hii tu?" Tukamjibu, "Ndiyo hii, mama." Akaturudishia kwa mikono miwili.